Jinsi ya kuhifadhi historia ya makuchu kabla haijachomwa: mwongozo kamili wa kuanza na simu, sanduku na watu mnaoaminiana

Ukitafuta historia ya makuchu wa Kenya, yaani sisi watu wa LGBTQ (mashoga, wasagaji, watrans na wenzetu), kwenye makaratasi ya serikali utaipata, ila utaipata ikisimuliwa na watu wengine. Utakuta kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha ngono "kinyume na maumbile", tulichoachiwa na Mwingereza, utakuta hukumu za korti, utakuta vichwa vya magazeti vya kutisha watu. Sisi wenyewe hatumo. Nani alitoa sebule yake watu wakutane kabla hata ofisi yoyote haijafunguliwa, nani alikuwa anapika mtu akifukuzwa kwao, tuliitana vipi, tulichezea wapi, tulizikana vipi, hayo yote yako kwenye simu zilizopasuka kioo, kwenye albamu zilizofichwa chini ya nguo, na kwenye vichwa vya watu ambao saa hizi wameshaanza kuzeeka. Na mtu akifa, wiki hiyohiyo ndugu wanakuja kusafisha chumba, wakikuta barua na picha wasizozielewa ama wanazozielewa sana, zinachomwa. Hii inauma na inaendelea kutokea, na ndio maana nimeamua kuandika hii kitu yote kwa urefu.

Naandika nikiwa Pwani ya Kenya kwa hivyo mifano mingi ni ya huku. Kama uko Uganda soma sehemu ya usalama mara mbili kabla ya kugusa kitu chochote, kwa sababu sheria ya 2023 ya kule ina kosa la "kueneza" ushoga lenye kifungo cha mpaka miaka 20, na kabati lako la kumbukumbu mtu anaweza kuliita hilo jina. Tanzania kifungu chao cha 154, cha jambo hilohilo la 162, kinafika mpaka maisha. Kenya tuko na nafasi kidogo, manake tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema makuchu wana haki ya kuunda na kusajili chama, ila kifungu cha 162 bado kiko palepale na miaka yake 14.

Kitu kimoja nataka ukishike mapema, kwa sababu hatua zote zimejengwa juu yake: mtu anakuja kabla ya karatasi. Kama kuhifadhi kitu kunamuweka mwenyewe hatarini, hicho kitu hakihifadhiwi, ama kinahifadhiwa kwa njia ambayo haimgusi. Historia isiyokuwa na jina la mtu bado ni historia.

Hatua ya 1: punguza, usitake kuhifadhi kila kitu

Watu wengi wanaanza kwa kusema wanataka "historia ya LGBTQ Kenya yote", wanachoka ndani ya miezi miwili. Chagua kitu ambacho unaweza kukikumbatia, kwa mfano kikundi chenu tu tangu kilipoanza, ama mtaa mmoja, ama wazee watano wa mji wenu, ama mabango na tisheti za maandamano, ama harusi na ngoma ambazo mashoga wa Pwani walikuwa wanachangamsha. Andika sentensi mbili za kueleza ni nini unakusanya na ni nini hukusanyi. Hiyo ya pili ndio ya maana zaidi. Picha za utupu, kwa mfano, mimi nasema ziache kabisa, kwanza ni za mtu, pili kifungu cha 181 kinachohusu machapisho machafu kinampa polisi sababu ya bure ya kubeba kila kitu.

Pia usiwe peke yako. Watu watatu ni wazuri, mmoja anachoka, kumi wanaongea sana nje. Na msiogope kuanza kidogo: Lesbian Herstory Archives ya New York, hifadhi ya historia ya wasagaji, ilianza 1974 na kwa miaka mingi vitu vyote vilikuwa ndani ya nyumba ya Joan Nestle, watu walikuwa wanakuja kusoma hapo hapo nyumbani kwake, mpaka 1993 ndio wakafungua jengo lao Brooklyn, na hela ya kulinunua ilitoka kwa michango midogomidogo ya watu wa kawaida.

Hatua ya 2: anza na vitu vya hadharani

Hapa hakuna hatari na utapata mazoezi. Hukumu za korti ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Pakua hii ya 24 Mei 2019 ambayo majaji watatu walikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 (hicho cha pili ni cha "uchafu" kati ya wanaume), pakua ile ya Mahakama ya Rufaa Mombasa ya 22 Machi 2018 iliyosema kulazimisha wanaume kupimwa sehemu ya haja kubwa ni kinyume cha sheria (kesi ilianzia Kwale 2015), pakua kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke trans, ya 2014 kuhusu jina kwenye cheti cha shule, pakua safari nzima ya NGLHRC, chama cha haki za mashoga na wasagaji kilichokuwa kinadai kusajiliwa, kutoka Mahakama Kuu 2015, Rufaa 2019, mpaka Mahakama ya Juu 2023. Angalia kitu kimoja: kwenye hiyo ya Kwale majina ya wenyewe yameandikwa kwa herufi tu, COI na GMN. Hata korti inajua kuficha mtu na bado kesi ikasimama, basi na sisi tunaweza.

Hansadi za bunge pia, magazeti ya zamani pia. Nairobi kuna maktaba ya McMillan na kuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Ukipiga picha gazeti piga ukurasa mzima wenye tarehe na jina la gazeti, usikate habari peke yake, maana baada ya miaka kumi hutajua ilitoka wapi. Na hata kama habari ni ya matusi ihifadhi, ni ushahidi wa jinsi tulivyoandikwa, lakini kama imetaja jina la mtu wa kawaida usiisambaze tena. Uganda mwezi wa 10 mwaka 2010 kuna gazeti lilichapisha majina na picha za watu likisema ni mashoga, mwanaharakati David Kato alikuwa mmojawao, wakalipeleka kortini na wakashinda mwanzo wa Januari 2011, na tarehe 26 mwezi huohuo akauawa nyumbani kwake. Kwa hivyo hilo gazeti linakaa kwenye boksi lililofungwa.

Hatua ya 3: usalama kabla ya kukusanya

Hii sehemu nitakaa nayo kwa sababu nyaraka zetu zikikusanywa mahali pamoja zinakuwa ni orodha, na orodha ndio adui wetu anaitafuta. Berlin mwaka 1933 taasisi ya Magnus Hirschfeld, daktari aliyekuwa anatafiti mambo ya jinsia na mapenzi, ilivamiwa na wafuasi wa Nazi tarehe 6 Mei, siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa uwanjani mbele ya watu. Toronto tarehe 30 Desemba 1977 polisi waliingia ofisi za The Body Politic, jarida la mashoga, wakaondoka na maboksi 12, na ndani yake kulikuwa na orodha ya watu waliokuwa wanapokea jarida. Sasa hebu jiulize wewe, wakiingia kwako kesho wataondoka na majina ya nani?

Kwa hivyo fanya hivi. Kila mtu anayechangia hadithi ama kitu mpe kodi, yaani alama ya kutumia badala ya jina, mfano M07. Jina lake halisi, namba yake ya simu na anapoishi visikae kwenye laptopu iliyo na hadithi. Kama kuna ulazima wa kuwa na karatasi inayounganisha kodi na jina, hiyo inakaa kwingine, imefungwa, na mtu mwingine. Na mara nyingi ukifikiria vizuri huna ulazima, unajua tu M07 ni nani na inatosha.

Laptopu na hadi diski (hard disk) zifungwe kwa usimbaji, yaani bila paswadi mtu akichomeka anaona takataka tu. VeraCrypt ni ya bure na inafanya hiyo kazi kwenye kompyuta, Cryptomator ni nzuri kama unataka kuweka kitu mtandaoni. Paswadi iwe sentensi ndefu ya maneno matano sita yasiyohusiana, sio jina la mpenzi wako na mwaka wa kuzaliwa. Simu iwe na namba ya siri ya tarakimu sita na kuendelea, na ukiwa unaenda mahali pa wasiwasi zima kufungua kwa kidole na kwa uso, manake kidole mtu anaweza kukushika mkono akakufungulisha kwa nguvu.

Picha za simu zinabeba mahali zilipopigwa ndani yake. Zima hiyo kwenye kamera kabla ya kuanza mradi, na nakala yoyote ya kutoka nje isafishwe kwanza. Picha yenye mlango wa nyumba, namba ya gari, ama dirisha linaloonyesha msikiti wa mtaa, hiyo ni anwani tayari hata kama hakuna sura.

Na mambo ya mahali: usitengeneze ramani ya sehemu ambazo bado watu wanakutana. Baa iliyofungwa 2009 sawa, nyumba iliyovunjwa sawa. Ile ambayo watu wataenda Ijumaa hii, hapana.

Kenya kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nayo inaweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kwenye data nyeti, Tanzania wana ya kwao ya 2022. Wengi wanadhani hizi sheria ni za mabenki, lakini wewe ukishika hadithi za watu umeshakuwa mshika data na una wajibu nao.

Hatua ya 4: idhini, na sio ya mara moja

Usimpe mtu fomu ya kurasa nne asaini jina lake kamili, hiyo fomu yenyewe ni hatari kuliko mahojiano. Mrekodi kwa sauti akisema anakubali nini, akitumia jina analotaka. Na umueleze kwa lugha ya kawaida ngazi nne hivi: ya kwanza ni kuhifadhiwa tu bila mtu yeyote kusikia mpaka yeye aseme, ya pili ni watu wa jamii yetu kusikia ndani ya kikao, ya tatu ni kufunguliwa baada ya muda, mfano akishafariki ama ikifika 2050, ya nne ni hadharani kabisa. Anaweza kuchanganya, sauti ngazi ya kwanza lakini maandishi bila jina ngazi ya nne. Na anaweza kubadilisha mawazo. Mtu leo yuko huru, kesho ameoa ama ameolewa kwa shinikizo la nyumbani, ama amepata kazi ya ualimu, akipiga simu kusema toa, unatoa siku hiyohiyo bila kumuuliza maswali.

Halafu usiahidi usichoweza. Kuna mradi maarufu wa chuo cha Boston College kule Marekani, walirekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini kati ya 2001 na 2006, wakawaambia hakuna atakayesikia mpaka mfe, mwaka 2011 zikaja amri za korti na kanda nyingine zikaishia kwa polisi. Sasa wewe usiyekuwa na chuo nyuma yako utasemaje "hakuna atakayejua kamwe"? Sema ukweli: nitafunga hivi, nitaficha hivi, lakini korti ikiniamuru naweza kulazimishwa, kwa hivyo usiniambie jina la mtu mwingine wala jambo litakalokufunga. Watu wazima wanaelewa, na wanakuamini zaidi.

Idhini ya mmoja si ya wote. Kwenye picha ya sherehe ya watu nane umepata ruhusa ya mmoja, basi saba waliobaki wanafunikwa sura kwenye nakala ya kuonyesha. Funika kwa rangi nzito kabisa sio kwa ukungu wa kidogo. Waliofariki pia wana heshima yao, hususan kuhusu HIV, usitangaze kilichomuua mtu ambaye hakuwahi kusema mwenyewe.

Hatua ya 5: kurekodi wazee wetu

Hapa ndipo utajiri ulipo. Kabla hatujasoma popote kujihusu, wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi walianza 2013 kuzunguka wakikusanya hadithi za makuchu bila majina, na kutoka kwenye hizo hadithi zikatoka filamu na kitabu, filamu ikapigwa marufuku Kenya 2014, lakini hadithi zilishakusanywa tayari na hakuna marufuku ya kuzirudisha nyuma. Hiyo ni nguvu ya kuwahi.

Mtu mzima unaenda kwake na shikamoo, unaenda na sukari na majani, na unampa nauli kama ni yeye anayekuja. Usianze na "ulijua lini wewe ni shoga?", hilo ni swali la daktari. Anza na mahali na vitu. Mwaka ule ulikuwa unakaa mtaa gani? Jumamosi ilikuwaje kuanzia asubuhi? Mkitaka kuonana bila simu mlikuwa mnatumana nani? Mlikuwa mnavaa nini, mnapika nini, wimbo gani ukipigwa lazima watu wainuke? Nani alikuwa mama wa kundi? Mgonjwa alikuwa anauguzwa na nani? Pwani ukiuliza kuhusu harusi na ngoma za wanawake utashangaa mlango unavyofunguka, kwa sababu hapo mashoga walikuwa na kazi yao inayojulikana na watu wakiwaalika kabisa. Muulize kama ana leso aliyopewa na nani na jina lake linasemaje, leso moja inaweza kukupa saa nzima.

Kuhusu mateso, usichokonoe. Akitaja mwenyewe msikilize, asipotaja hujapungukiwa. Akianza kulia zima kirekodi, muulize kama anataka kuendelea leo ama siku nyingine, na kesho yake mpigie simu umjulie hali, sio kwa ajili ya mradi.

Vifaa: simu nzuri inatosha, ila nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, kaeni chumba chenye zulia na mapazia, zima feni (najua joto, pumzikeni kila dakika 30), simu iwe kwenye hali ya ndege ili isiite. Rekodi kwa WAV sio MP3, saa moja ya WAV ya 48 kHz biti 24 stereo inakula karibu GB 1, mono nusu yake. Mwanzoni sema tarehe na kodi ya mtu, usiseme jina wala mahali.

Ukiandika maneno yake baadaye yaache yalivyo. Kama kasema Kimvita kiache Kimvita, kama ni Sheng ni Sheng, usimnyooshe Kiswahili. Kama ametumia neno ambalo wewe linakuudhi, liandike hivyohivyo na pembeni uweke maelezo, kwa sababu hizo ndizo sauti za wakati wake.

Hatua ya 6: karatasi, picha na nguo

Adui wa Pwani ni unyevu. Ukungu unaota pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hivi, na Mombasa tunapita hapo siku nyingi. Kwa hivyo boksi lisikae sakafuni wala ukutani kwa nyuma ya bafu, liinue juu, weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani na uvibadilishe, fungua ukague kila mwezi kama kuna mchwa, mende ama harufu. Toa pini na klipu za chuma maana zinashika kutu, toa raba zinayeyuka na kugandia. Usipige laminesheni kamwe na usibandike selotepu kwenye kilichochanika, vyote viwili vinaua karatasi polepole na huwezi kuvitoa tena. Risiti na tiketi za karatasi laini inayong'aa zinafifia zenyewe, hizo zipige picha leo.

Picha shika pembeni, mikono mikavu. Nyuma andika kwa penseli taratibu, usitumie biki. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya juu ni mbaya sana, lakini usivute picha kwa nguvu, kwanza piga picha ukurasa mzima vile mwenyewe alivyoupanga, mpangilio nao ni hadithi, halafu ukiona imegandia iache. Skani picha kwa dpi 600 na karatasi za kawaida kwa 300, ya kuhifadhi iwe TIFF na ya kutumia iwe JPEG. Picha ya 10 kwa 15 ikiskaniwa hivyo inakuwa MB 26 hivi, hesabu nafasi mapema. Huna skana? Dirisha lenye mwanga wa kivuli, picha imelala bapa, simu juu yake sambamba kabisa, bila flashi.

Tisheti za maandamano, leso, magauni ya shoo, viatu, vipodozi vya mtu aliyetutoka, vyote hivyo ni nyaraka. Usitundike kwenye hanga, zinavutika, kunja na shuka safi ya pamba katikati ya mikunjo. Kama tisheti ina jasho na vumbi la siku ile korti ilipotoa hukumu usikimbilie kuifua, muulize mwenyewe kwanza. Na kila kitu kipige picha na umrekodi mwenye nacho dakika tatu akieleza, kwa sababu tisheti bila maelezo baada ya miaka 20 ni kitambaa.

Barua zinahitaji upole wa pekee. GALA, hifadhi ya kumbukumbu za LGBTQ pale Johannesburg ambayo ilianzishwa 1997, ina barua ambazo Simon Nkoli alimwandikia mpenzi wake akiwa gerezani kwenye kesi ya uhaini ya Delmas, miaka ya 80. Huyo ni mtu aliyepigana na ubaguzi wa rangi, akatoka, akawa kwenye mstari wa mbele wa Pride, yaani maandamano ya fahari yetu, ya kwanza ya Johannesburg Oktoba 1990, na leo kijana anaweza kusoma kwa mwandiko wake kwamba alipenda na alipendwa. Mtu mmoja tu angeona aibu akazichana, tusingejua. Lakini barua ina watu wawili, aliyeandika na aliyeandikiwa, uliza wote kama wapo.

Hatua ya 7: simu na mitandao

Historia yetu ya miaka 15 iliyopita imeandikwa kwenye Facebook na WhatsApp, na inapotea haraka kuliko karatasi. Akaunti inaripotiwa inafungwa, simu inaibiwa matatuni, grupu inafutwa watu wakiogopa.

Akaunti yako mwenyewe pakua data yako yote, Facebook wana hiyo sehemu kwenye mipangilio. WhatsApp ina kuhamisha mazungumzo, inakupa faili la maandishi, pamoja na picha ukitaka. Lakini grupu sio yako peke yako! Usichukue mazungumzo ya miaka sita ya watu mia mbili ukayaweka kwenye hadi diski kisa ulikuwa admini. Tangaza kwenye grupu, atakayekataa toa maneno yake, ama chagua siku chache tu za maana, kama siku ya hukumu, na ufute majina na namba. Picha mtu anayokutumia iombe kama dokumenti sio kama picha, la sivyo inakuja imeminywa. Skrinshoti ichukue na tarehe ionekane.

Kurasa za hadharani za vikundi na habari unaweza kuzihifadhi kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, ni bure, ila ujue kila mtu duniani ataona, kwa hivyo kamwe usiweke huko ukurasa wa mtu binafsi.

Hatua ya 8: majina ya faili na daftari

Haraka tu. Anza na mwaka, mwezi, tarehe ili zijipange zenyewe, halafu kitu, halafu namba: 2019-05-24_korti_tisheti_001. Hamna jina la mtu hapo. Tengeneza jedwali moja lenye kodi ya kitu, ni nini, kimetoka kwa kodi gani, lini, ngazi ya idhini, kiko wapi, na hali yake. Tarehe usiyoijua andika "karibu 1998" usibuni. Ngazi ya idhini ndio safu ambayo haiachwi wazi hata siku moja, ikiwa wazi hesabu ni ngazi ya kwanza.

Hatua ya 9: nakala

Nakala tatu, kwenye vitu vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nyumba nyingine kabisa na ikiwezekana nchi nyingine. Fleshi sio mahali pa kuhifadhi, ni ya kubebea tu. Hadi diski ya kompyuta badilisha kila baada ya miaka mitano hivi hata kama bado inafanya kazi. Mara moja kwa mwaka fungua faili kadhaa uone kama zinacheza, na kama kuna mtu wa kompyuta kati yenu awatengenezee orodha ya SHA-256, yaani alama ya kila faili, ikibadilika mnajua kuna kilichoharibika ama kuguswa.

Hatua ya 10: irudishe kwa watu

Kumbukumbu iliyofungwa tu haijasaidia mtu. Kaeni kikao cha watu 10 au 15 mnaojuana, bandikeni karatasi za manila ukutani, chora mstari wa miaka, weka tarehe chache zinazojulikana kama misumari: GALCK, muungano wa vikundi vyetu, kuanza 2006, vurugu dhidi ya makuchu Mtwapa Februari 2010, mwandishi Binyavanga Wainaina kujitangaza kuwa shoga Januari 2014, kifo chake tarehe 21 Mei 2019 na hukumu ya 162 siku tatu baadaye, Mahakama ya Juu 2023. Halafu wape watu kalamu waweke yao. Nani alihamia mjini mwaka huo, nani alipata mtoto, nani alifungua saluni, kikundi cha densi kilianza lini, tulimzika nani. Simu zote ziwe kwenye kapu mlangoni. Watu watabishana kuhusu miaka na hiyo ni nzuri, andika matoleo yote mawili. Wapeni vijana nafasi ya kuuliza, maana kuna kijana wa miaka 19 anadhani yeye ndiye wa kwanza mtaani kwao, na akimsikia mama wa miaka 60 akieleza vile walivyokuwa wakipanga kuonana, huyo kijana anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Maliza kwa kutaja majina ya waliotutangulia, yale majina waliyojipa wao, na kuleni pamoja.

Hatua ya 11: ukiondoka, ukifa, ama ukikimbia

Hili watu hawalipendi lakini lifanye mwezi wa kwanza. Chagua mtu wa pili na wa tatu wa kushika vitu. Wasia wa maandishi Kenya unahitaji mashahidi wawili, na wasiwe ni wale wanaorithi. Wa mdomo mbele ya watu wawili unakubalika lakini unakufa ukipita miezi mitatu kama hujafariki, kwa hivyo usiutegemee. Kwenye wasia andika tu "boksi la vitabu na diski zangu apewe fulani", hakuna haja ya kueleza ndani kuna nini. Na ndugu mmoja anayekupenda ajue nani apigiwe simu kwanza kabla chumba hakijafunguliwa.

Kuna taasisi kubwa kama GALA, ama taasisi ya Bishopsgate kule London, zinazopokea vitu. Zina vyumba vyenye hewa nzuri na wataalamu, na kama hatari imekuwa kubwa usisite. Lakini kama hakuna dharura mimi msimamo wangu ni kupeleka nakala na kubaki na asili, kwa maandishi yanayosema umiliki unabaki kwa jamii, ngazi za idhini zinaheshimiwa, na nakala za kidijitali tunarudishiwa bila malipo. Tumeshakuwa na vitu vingi vya Pwani ambavyo ili uvione lazima uwe na viza.

Mwisho, fanyeni zoezi. Mtu wa pili aje siku moja akiwa na karatasi ya maelekezo tu, wewe ukae kimya kwenye kiti, afungue diski, atafute hadithi moja, asome ngazi yake ya idhini, aifunge tena. Pale atakapokwama andika upya hayo maelekezo, rudieni wiki inayofuata mpaka afungue bila kukuangalia usoni.